Doa Katikati ya Skrini

"Ivae!"

"Siwezi kuivaa humu ndani, sheria inase—"

"Sheria gani? Ya kuwa kapera kuanzia asubuhi mpaka jioni?"

"Pampu, nisikilize kwanza—"

"Usiniite Pampu! Leo niite shemeji. Leo sijaja kama fundi, nimekuja kama kaka wa mke wako, na dada yangu jana amelia mpaka—"

"Amelia kwa sababu ya dada wa mapokezi, siyo mimi—"

"Amelia kwa sababu ya kidole chako!"

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza ya chuma iliyojaa vioo na lenzi, kila mmoja na miwani yake ya kinga, wanapigiana kelele kama wachuuzi wawili wa kona moja. Huyu wa upande wa vioo wanamwita Kinyonga, kwa kuwa ana uwezo wa kuangalia skrini mbili kwa wakati mmoja na kulalamika kuhusu ya tatu. Kazi yake ni leza. Mwenzake, Pampu, kazi yake ni tangi lililo mwisho wa meza na mashine zinazonyonya hewa yote humo mpaka libaki tupu kabisa. Kinyonga amemuoa mdogo wake Pampu. Kwa hiyo wanaitana shemeji, na tangu siku ya posa hawajawahi kumaliza saa nzima bila kutaniana.

Ila asubuhi hiyo utani ulikuwa na mwiba. Jana yake mke wa Kinyonga alimletea mumewe simu aliyoisahau nyumbani. Dada wa mapokezi, mgeni kazini na mkarimu kupita kiasi, akamuuliza: "Wewe ni dada yake, eti? Maana yule kaka hajaoa." Amejuaje? Kidole kitupu. Kila asubuhi Kinyonga anavua pete na kuiweka kwenye kisahani pale mlangoni, pamoja na saa na kila kinachong'aa, kwa sababu chumba cha leza hakitaki kitu king'aacho mwilini mwa mtu. Sheria hiyo anawafundisha wageni yeye mwenyewe, kwa mkono na kwa ukali.

"Nusu dakika tu," Pampu alisema, sasa akibembeleza huku anacheka. Alikuwa ameshaichukua pete kutoka kwenye kisahani na kuingia nayo. "Ivae nikupige picha, nimtumie, alale vizuri. Au unaona aibu kuonekana umeoa kwetu?"

"Kwenu hakuna mtu anayeoa, kwenu watu wanatekwa."

"Basi vaa pingu yako."

Kinyonga akaivaa. Akaibusu kwa madaha, akainua mkono kama bibi harusi, picha ikapigwa, wote wakacheka mpaka miwani ikawapanda puani. Na hapo ndipo kipaza sauti cha ukutani kilipolia. Profesa, kutoka chumba cha pili: "Vijana wangu, hewa imeshuka vizuri. Mpangilio wa mwanga mmeumaliza au mnacheza?"

"Tunamalizia, Profesa!" walijibu kwa pamoja, kama watoto waliokutwa na sukari.

Basi wakamalizia. Kinyonga akasahau kidole chake.

Kazi yenyewe ukimweleza mtu kwa haraka anaweza kukuona mlevi. Unachukua mwanga, unaubana mpaka unakuwa mfupi na mkali kupita kiasi, kisha unaupiga kwenye mpulizo wa gesi usiozidi unene wa msumari. Mwanga ukipita mle unazisukuma elektroni pembeni, na nyuma yake linabaki wimbi. Elektroni nyingine zinalidandia wimbi hilo na kuondoka nalo kwa kasi inayokaribia ya mwanga wenyewe. Umewahi kuona karatasi za barabarani zinavyolifuata lori lililopita mbio? Ndiyo hivyo, ila karatasi hizi zinapenya chuma. Wenye mashine kubwa wanachimba mahandaki marefu kwa kazi hiyo. Hawa wetu walikuwa wanajaribu kuifanya ndani ya tangi unaloweza kulikumbatia.

Lakini kabla ya kufyatua, mwanga lazima uelekezwe, kioo kwa kioo. Hapo unapunguzwa makali. Kupunguzwa makali siyo kukosa makali. Na mwanga wenyewe ni wa rangi ambayo jicho haliioni vizuri. Ndiyo maana Kinyonga anatumia kadi maalumu, anaiweka njiani, inawaka kidoa cha rangi ya chungwa, anajua mwanga uko hapo.

Aliingiza mkono na kadi. Kidoa kikawaka.

"Shemeji, geji inasema nini?" aliuliza.

Pampu aliinama kwenye tangi. Miwani yake ilikuwa imeshika ukungu wa pumzi. Akaipandisha kwenye paji la uso, kidogo tu, asome namba.

"Inasema wewe ni mwembamba kuliko—"

Kinyonga aligeuka kumjibu. Kifundo cha mkono kikageuka naye. Akaona, au alidhani ameona, kitu chekundu hafifu, kama cheche iliyochoka, kikikatiza juu ya tangi na kupita usoni pa Pampu.

"Ah," Pampu alisema.

Haikuwa "ah" ya maumivu. Ilikuwa ya mtu aliyekumbuka kwamba ameacha mlango wazi nyumbani.

Kinyonga alivuta mkono, akapiga swichi, mwanga ukazibwa. Akaangalia kidole chake. Pete ilikuwa pale, inang'aa, haina habari.

"Shemeji, imekupiga?"

"Nini?"

"Mwanga."

"Mwanga gani? Mimi nilikuwa nakuangalia wewe, na wewe huna mwanga wowote." Pampu akacheka, akaishusha miwani. Lakini kabla haijafika machoni, Kinyonga aliona jicho la kushoto likipepesa. Likapepesa tena. Kama linajaribu kufuta kitu.

"Ulisikia mlio?"

"Mlio gani?"

"Ndani ya kichwa. Kama... tik."

Pampu alichelewa kujibu. Siyo sana. Muda wa kumeza mate.

"Nimesikia wewe unavyoongea sana. Tukafunge mlango, Profesa anasubiri."

Sasa, Kinyonga alijua. Siyo kwamba alikuwa na uhakika. Uhakika ungekuwa afadhali. Alijua kinachowezekana. Kwenye mafunzo wanawaonyesha picha ya ndani ya jicho la mtu aliyepigwa. Jicho lenyewe ndilo linalokuponza: linaukusanya mwanga kama lenzi na kuutua pointi moja huko nyuma, pale pale unapopatumia kusoma na kutambua sura za watu. Hakuna maumivu. Wengine wanasikia mlio mdogo kichwani, basi. Halafu doa. Halafu, kwa baadhi yao, doa haliondoki.

Utaratibu ulikuwa wazi: ukishuku tu, unapaza sauti, kila kitu kinazimwa, mtu anakimbizwa kwa daktari wa macho. Kinyonga alifungua mdomo apaze sauti. Akaufunga. Angesema nini? Kwamba mwalimu wa sheria ameingia na pete? Kwamba amempofusha kaka wa mke wake kwa pete ya mke wake? Na mwenyewe si amesema haijampiga? Akaling'ang'ania neno hilo kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Akaitia pete mfukoni, ndani kabisa, chini ya leso.

Profesa alikuwa bado anahangaika na kompyuta yake, akawapa muda wa chai.

Kwenye chumba cha chai Kinyonga hakunywa kitu. Alikuwa anamchunguza shemeji yake. Na shida ya kumchunguza Pampu ni kwamba huyu ni mtu aliyewahi kutembea na magongo siku nzima kwa sababu mtu alimwambia hawezi kuigiza. Mtu anayejikwaa kwenye waya usiokuwepo kila mgeni anapopita. Utajuaje?

"Shemeji, daka!" Akamrushia funguo, makusudi, upande wa kushoto.

Funguo zikampiga Pampu kifuani, zikaanguka.

"Golikipa wa akiba huyo," Pampu alisema akiinama. Mkono wake ukapapasa sakafu kidogo pembeni ya funguo, kisha ukazipata. Alikuwa anacheka.

Basi anatania, Kinyonga alijiambia. Anacheka, anatania.

Pampu akachukua chupa, akamimina chai. Chai ikaenda mezani, pembeni ya kikombe, ikatambaa taratibu mpaka ukingoni na kuanza kudondoka kwenye kiatu chake. Hapo ndipo alipoinua uso, akatoa meno yote nje. "Nimekupata! Umeshtuka, eh?"

Lakini kicheko kilikuja baada ya chai kufika kwenye kiatu. Pampu wa siku zote anacheka kabla. Ndiyo kasoro yake, hawezi kuficha mzaha wake mwenyewe, meno yanamtangulia.

Kinyonga alisogeza kiti karibu naye.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "niambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba chai ya hapa ni mbaya." Pampu alikuwa anafuta meza kwa karatasi, anafuta na mahali pakavu. Hakumwangalia. "Tumefanya kazi hii miaka. Leo ndiyo leo. Twende."

Chumba cha kuongozea kiko nyuma ya ukuta mzito wa zege. Profesa alikuwa ameshakaa, mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hajawahi kuipandisha, na hajawahi kuhitaji. Pampu alikaguakagua chumba cha leza kuhakikisha hakuna mtu, akarudi, mlango ukafungwa, taa nyekundu ikawaka, king'ora kikaanza kulia kwa vipindi.

Kila mmoja ana kazi yake. Profesa anaangalia gesi, na ili kuiangalia lazima awape mgongo. Kinyonga anahesabu na kubonyeza. Pampu anasoma skrini. Kamera iliyo ndani ya tangi inaangalia kibao ambacho elektroni zikikigonga kinang'aa. Wamezigeuza rangi za picha ili isomeke vizuri, kwa hiyo skrini inakaa nyeupe tupu, na elektroni zikifika linatokea doa jeusi. Kazi hiyo amepewa Pampu kwa sababu hakuna mwenye jicho kama lake. Doa hafifu ambalo kompyuta inaliruka, yeye analiona.

"Tayari gesi," Profesa alisema.

"Tayari skrini," Pampu alisema. Alikuwa amekaa upande-upande kwenye kiti, kichwa kimeinama kidogo kushoto, kama kuku anayesikiliza.

Kinyonga aliweka kidole kwenye kitufe. Akamwangalia Pampu, akaangalia skrini nyeupe, na likamjia wazo ambalo siku nyingine lingemchekesha wiki nzima. Maishani mwake ameshawafanyia watu mizaha mingi, lakini hakuwahi kufanya mmoja huku anaomba ushindwe.

"Tatu," alihesabu. "Mbili. Moja. Nafyatua!"

Hakubonyeza. Aliinua kidole, akakiweka juu ya meza, pembeni.

Skrini ilibaki nyeupe. Nyeupe kama shuka. Sema hamna kitu, Kinyonga aliomba moyoni. Sema umesinzia, Kinyonga, hujafyatua kitu, zuzu wewe. Nitukane. Tafadhali.

Pampu alisogea mbele, akafinya jicho la kulia kama kawaida yake akitafuta doa.

"Lipo!" alisema. "Nimeliona! Katikati kabisa. Jeusi, la mviringo, halijayumba hata kidogo!"

Profesa alipiga makofi bila kugeuka, makofi mawili makavu ya furaha, na kwa mama yule hiyo ni ngoma ya usiku kucha. "Katikati, umesema?"

"Katikati, Profesa! Bado lipo!"

Bado lipo. Elektroni haziachi doa la kubaki. Zinapita, linafutika. Kinyonga aliuvuta mkono wake mbali na kitufe.

"Sijabonyeza," alisema.

Profesa aligeuka.

"Sijabonyeza kitufe. Leza haijatoka. Tangini hamna kitu."

King'ora kikaendelea kulia peke yake. Pampu aliangalia skrini, akamwangalia Kinyonga, akaangalia tena skrini. Kisha meno yakatoka nje, yamechelewa tena.

"Na mimi nilikuwa natania," alisema. "Nilikuona hujabonyeza. Nikasema ngoja niwape raha."

"Nani anamtania nani hapa?" Profesa aliuliza. Sauti ndogo, ile ile.

Kinyonga alisimama mbele ya shemeji yake, karibu kabisa, magoti yakagusa kiti. "Ziba jicho la kulia."

"Mimi siyo mtoto wa chekechea."

"Ziba, shemeji. Kwa kiganja. Halafu niangalie usoni uniambie unaona nini."

Pampu alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Ilionekana kabisa jinsi alivyokitafuta, mdomo umeshajikunja tayari. Hakukipata. Akainua kiganja, akaziba jicho la kulia.

"Naona masikio," alisema.

"Mangapi?"

"Mawili. Makubwa. Na mabega." Akakikaza kiganja usoni. "Nywele, kidogo, juu."

"Na katikati?"

Pampu alisogeza kichwa kushoto, akakisogeza kulia, haraka, kama mtu anayetaka kuchungulia nyuma ya nguzo. Kila alipokwenda, nguzo ilikwenda naye.

"Katikati hamna mtu," alisema.

Kinyonga aliyatoa yote hapo hapo, maneno yakigongana: pete, picha, kadi, mkono. Alipoitoa pete mfukoni ikaanguka na kuviringika chini ya meza, hakuna aliyeifuata. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alichomoa funguo kwenye paneli moja baada ya nyingine, taa nyekundu ikazimika, mashine za kunyonya hewa zikashusha pumzi ndefu na kunyamaza. Ndipo ukajua jinsi zilivyokuwa zinapiga kelele siku zote.

"Ulijua tangu saa ngapi?" alimuuliza Kinyonga.

"Tangu kabla ya chai."

"Na wewe?"

"Kabla yake," Pampu alijibu. "Nilisikia mlio. Nikasema nisipousema, labda haujatokea."

"Nyinyi ni mashemeji kweli," Profesa alisema, akatafuta funguo za gari.

Hospitalini waliwekwa kwenye korido yenye viti vya plastiki na harufu ya dawa ya sakafu. Pampu alitiwa matone, mboni zikafunguka zikawa nyeusi zote. Akaingizwa, akapigwa picha za ndani ya jicho, akatolewa, akaingizwa tena. Kinyonga alibaki nje na simu mkononi. Alikuwa ameshampigia mke wake. Alijiandaa kwa kelele. Mke wake aliuliza tu, "Jicho gani?" kisha, "Nakuja," akakata. Kelele zingemsaidia zaidi.

Daktari wa macho, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwaita wote wawili.

"Kuna kidonda, na kuna damu kidogo iliyovujia pale katikati," alisema. "Damu itajiondoa. Ikishaondoka ndipo tutaona kilichobaki chini yake. Jicho linaweza kurudi kiasi."

"Kiasi gani?" Kinyonga aliuliza.

"Sijui."

"Na linaweza..."

"Linaweza lisirudi. Pembeni ataendelea kuona. Katikati sijui. La kulia ni zima kabisa, kwa hiyo..." Hakuimalizia. Labda aliona nyuso zao.

Wakarudi koridoni kusubiri dawa. Profesa alikuwa amekwenda dirishani kupiga simu zake, na bila shaka zilikuwa simu mbaya. Kinyonga alimshika Pampu mkono, akamwongoza mpaka kwenye kiti, akapangusa kiti kwa leso kabla hajamkalisha.

"Kaa hapa, kaka. Taratibu. Hapo, vizuri. Nikuletee maji?"

"Hapana."

"Taa inakuumiza? Naweza kuwaomba waipunguze. Au uegemee hapa, kaka, egemea tu."

"Niko sawa."

"Pole sana, kaka. Ukitaka kitu chochote, hata kiwe kidogo, niambie tu, nipo hapa, siendi popote."

Pampu alikaa, mikono katikati ya mapaja. Watu walipita, kila mmoja, alipomwangalia kwa jicho la kushoto peke yake, alikuwa na mabega na hana uso. Aliziba hilo, akawaona. Akaziba la kulia, wakapotea tena. Akafanya hivyo mara nyingi, na kila mara pumzi yake ilizidi kuwa fupi, mpaka Kinyonga akaisikia inakwaruza kama kitu kilichokwama kwenye bomba. Hakuwahi kumwona shemeji yake akiogopa. Hakujua sura yake inakuwa hivyo. Akamwekea mkono begani, polepole, kama unavyogusa kitu usichotaka kivunjike.

Mwisho wa korido mlango ulifunguka, na hatua za haraka za mwanamke zikasikika zikija, bado mbali.

"Shemeji," Pampu alisema.

"Naam, kaka. Nipo. Sema."

"Nitukane."

"Nini?"

"Nitukane, bwana. Tusi lolote. Tangu tumefika hapa unaniongelesha kama mtu anayeongea na maiti, na hiyo ndiyo inanitisha kuliko hili doa. Nitukane, shemeji. Haraka, kabla dada hajafika."